Kifua Kinachouma Hakisubiri Foleni: Mwongozo Kamili wa Kuboresha Huduma ya Mshtuko wa Moyo Katika Hospitali ya Wilaya

Mzee mmoja wa miaka hamsini na kitu, mfanyabiashara wa mahindi, aliingia katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi Jumatatu saa 3 asubuhi, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alisema anaumwa chembe ya moyo tangu alfajiri. Akaandikishwa, akalipia kadi, akaketi kwenye benchi nyuma ya watu thelathini. Saa 5 akaonwa, akaandikiwa omeprazoli na dawa ya maji ya tumbo, akarudi nyumbani. Saa 12 jioni alirudishwa kwa pikipiki, kabanwa kati ya dereva na mwanawe asianguke, shati limelowa jasho. Safari hii kila mtu aliona ni moyo. Lakini mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi, ilikuwa imefungiwa kwenye chumba cha kliniki ya presha, na ufunguo alikuwa nao mhudumu aliyetoka zamu saa 9:30. Ufunguo ulipofika, mzee alikuwa ameshafariki.

Nilikuwa zamu jioni ile. Aspirini ilikuwepo hospitalini siku nzima, kopo zima, kwenye dirisha la dawa lililo hatua arobaini kutoka kwenye benchi alilokalia asubuhi.

Mwongozo huu umeanzia hapo. Nimeuandika kwa ajili ya mganga mfawidhi, tabibu, muuguzi, mfamasia na mtu wa mapokezi katika hospitali isiyo na daktari bingwa wa moyo wala mtambo wa kuzibua mishipa. Vipimo vya dawa nilivyovitaja ni vile vinavyokubalika kwa mtu mzima wa kawaida. Kabla ya kuvibandika ukutani, vipitiwe na daktari na mfamasia wenu na vilinganishwe na mwongozo wa taifa wa matibabu.

Kwanza tuelewane kinachotokea

Moyo ni msuli, na msuli huo una mishipa yake yenyewe inayouletea damu. Mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa yakipasuka, damu inaganda juu yake na kuziba njia. Msuli uliokosa damu unaanza kufa baada ya kama nusu saa, na unaendelea kufa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu saa 2 baada ya maumivu kuanza, na yule aliyepewa saa 10 baadaye, wamepata dawa moja lakini hawajapata tiba moja.

Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187. Katika kila wagonjwa 100 ambao hawakupata aspirini wala streptokinasi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kama 13 walifariki kwa moyo au mishipa ya damu ndani ya wiki 5. Kwa waliopata zote mbili, walifariki 8. Hizi ni dawa za zamani. Aspirini ipo hata kwenye duka la dawa muhimu la kijijini. Nasema hivi kwa sababu kila tunapozungumzia moyo, mazungumzo yanaishia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kana kwamba sisi wa wilayani hatuna la kufanya zaidi ya kuandika rufaa. Tunalo. Watafiti walioko Moshi wameonyesha kwa miaka kadhaa kwamba wagonjwa wengi wa mshtuko wa moyo wanafika idara ya dharura na kuondoka bila kutambuliwa. Mgonjwa ambaye hakutambuliwa hata mtambo ungekuwa chumba cha pili usingemsaidia.

Hatua ya kwanza: tembea njia ya mgonjwa, saa mkononi

Usianze na semina. Chagua asubuhi ya Jumatatu, foleni ikiwa ndefu, ingia getini kama mgonjwa wa kifua na utembee kila anapopita: geti, mapokezi, dirisha la malipo, benchi, chumba cha daktari, maabara, dirisha la malipo tena, chumba cha ECG, dirisha la dawa. Andika dakika za kila kituo. Rudia Jumamosi saa 8 usiku.

Sisi tulipofanya hivyo tulikuta mambo mawili ambayo hakuna aliyeyategemea. La kwanza, mgonjwa alikuwa anapita kwenye dirisha la malipo mara tatu kabla ya kugusa kidonge. La pili, saa ya ukutani ya mapokezi na ile ya chumba cha dharura zilitofautiana dakika 11. Rekodi zote za muda tulizowahi kuandika zilikuwa na kosa hilo. Basi kabla ya kingine chochote, linganisheni saa zote za ukutani na saa ya simu, na mmoja apewe kazi ya kuzikagua kila Jumatatu.

Baada ya hapo chora njia mpya kwenye karatasi moja. Kipimo chake ni hiki: ECG ndani ya dakika 10 tangu kuingia, na kama mgonjwa anastahili dawa ya kuyeyusha damu, sindano ndani ya dakika 30. Malipo na bima yaende nyuma. Mganga mfawidhi atie sahihi waraka unaosema wazi kwamba mgonjwa wa kifua anatibiwa kwanza, na ndugu anashughulikia malipo au afisa ustawi wa jamii anaitwa baadaye. Bila sahihi hiyo, mtu wa dirishani ataogopa, na hana kosa kuogopa, kwa kuwa upungufu wa fedha unaulizwa kwake.

Hatua ya pili: fundisheni mapokezi kusikia

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu wengi tunawapoteza hapa.

Vitabu vyetu vimeandikwa kwa lugha ambayo mgonjwa hasemi. Vinasema maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkono wa kushoto. Mgonjwa wetu anasema "chembe ya moyo inaniuma", na tabibu anaandika vidonda vya tumbo, kwa sababu tumezoea kwamba chembe ya moyo ni pale chini ya kidari, tumboni. Mara nyingi ni kweli ni tumbo. Lakini mshtuko unaogusa sehemu ya chini ya moyo unauma mahali hapo hapo, tena kwa kichefuchefu na kutapika. Wengine husema "nimebanwa", "kuna kitu kimenikalia hapa", "moyo unachoma", "gesi imepanda", "pumzi haishuki", "taya linauma na si jino", "mikono imekufa ganzi", "nimeishiwa nguvu ghafla". Mama mwenye kisukari anaweza asiwe na maumivu kabisa. Anakuja na jasho jembamba la baridi na uchovu usioelezeka, tunampima malaria.

Andikeni maneno hayo hayo kwenye kadi kubwa pale mapokezi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo lenu. Mtu wa mapokezi hahitaji kujua ugonjwa. Anahitaji kuuliza maswali matatu na kuangalia uso:

"Shikamoo mzee. Unaumwa wapi, hebu nionyeshe kwa mkono." Anayeweka ngumi au kiganja kizima katikati ya kifua, mchukulie kwa uzito.

"Imeanza lini, saa ngapi?" Saa, si siku. Jibu hili ndilo litakaloamua dawa baadaye.

"Unashindwa kupumua, au jasho linakutoka bila joto?"

Sisi tulikubaliana hivi: mtu yeyote wa miaka 30 na kuendelea mwenye maumivu kati ya kitovu na taya ambayo hayakutokana na kuumia, au aliyeishiwa pumzi ghafla, au aliyezimia, anapewa kadi nyekundu na kupelekwa moja kwa moja chumba cha dharura akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hapiti kwenye benchi. Mkiogopa kwamba kadi nyekundu zitakuwa nyingi mno, zihesabuni kwa wiki mbili kabla ya kubadilisha chochote. ECG ya mtu mwenye vidonda vya tumbo imekugharimu karatasi na dakika tano tu.

Na wahudumu wa geti, walinzi, wapeni mafunzo hayo hayo. Mlinzi ndiye wa kwanza kumwona anayeshushwa kwenye bajaji.

Hatua ya tatu: ECG ije kwa mgonjwa

Mashine ikae chumba cha dharura, juu ya meza yenye magurudumu, imechomekwa kwenye umeme muda wote ili betri ijae. Isiwe na kufuli. Kama hofu ni wizi, ifungwe kwa mnyororo kwenye meza, na ikabidhiwe kwa maandishi zamu hadi zamu pamoja na kipimo cha presha. Chini yake kuwe na boksi lenye rola mbili za karatasi, jeli, wembe, pamba na kitambaa kikavu. Karatasi ikibaki rola moja, anayeichomoa ya pili ndiye anayejaza fomu ya kuagiza.

Muuguzi apime, asimsubiri daktari. Kupima ni kazi ya mikono na inafundishika kwa siku moja. Mambo yanayoharibu kipimo ni machache na yanajirudia. Jasho halikufutwa. Mgonjwa kajipaka mafuta ya mgando na vikombe vya waya vinateleza. Nywele za kifua hazikunyolewa. Waya za mikono zimebadilishana. Kwa mashine nyingi tulizo nazo nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto na nyeusi mguu wa kulia. Ukiona njia ya kwanza (njia ni kila mchoro mmoja kwenye karatasi ya ECG) imepinduka chini na njia ya aVR imesimama juu, angalia waya kabla hujaangalia moyo.

Kifuani, zinakokaa waya sita za V1 hadi V6, tafuta kwa kidole ile nundu ya kidari chini ya koo, shuka kando yake upate nafasi ya pili kati ya mbavu, hesabu hadi ya nne. V1 inakaa hapo kulia kwa kidari, V2 kushoto. Kisha ruka hadi V4, nafasi ya tano chini ya katikati ya mtulinga, ndipo V3 iwekwe katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zifuate mstari wa V4 kwenda kwapani. Kwa mama, nyanyua titi kwa heshima, mkiwa nyuma ya pazia, na umweleze unachofanya kabla ya kumgusa. Nimeona vipimo vya akina mama vilivyowekwa juu mno kwa sababu mpimaji aliona aibu.

Anayesoma atafute mstari wa ST (kipande cha mchoro kinachofuata mara baada ya kilele kikali cha pigo) ulionyanyuka kwenye njia mbili zinazopakana: milimita 1 au zaidi, isipokuwa V2 na V3, ambako kwa mwanamume wa miaka 40 na kuendelea tunataka milimita 2, kwa mwanamume chini ya hapo 2.5, na kwa mwanamke 1.5. Zikinyanyuka njia za II, III na aVF, zinazotazama sehemu ya chini ya moyo, hamisha waya wa V4 upande wa kulia wa kifua upime tena. Upande wa kulia wa moyo ukiwa umeguswa, dawa za kutanua mishipa zinaweza kumwangusha presha vibaya.

Kama tabibu hana uhakika, apige picha ya karatasi bila jina la mgonjwa, aitume kwenye kundi la WhatsApp lenye daktari wa hospitali ya rufaa, kisha apige simu. Apige, asitume tu. Ujumbe unaweza kulala saa nzima kwenye simu ya mtu aliye chumba cha upasuaji. Kubalianeni mapema na hospitali ya rufaa nani anapokea simu hizo usiku, na namba iandikwe ukutani.

ECG ya kwanza ikiwa safi na maumivu bado yapo, rudia baada ya dakika 15 hadi 30, kisha tena. Mshtuko wa moyo unaweza kujificha kwenye kipimo cha kwanza. Na kama mstari wa ST umenyanyuka wazi, usisubiri troponini ya maabara, kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia. Troponini inawasaidia wale ambao ECG yao haisemi wazi, na hata kwao jibu safi la saa ya kwanza si ruhusa ya kwenda nyumbani. Rudieni baada ya saa kadhaa.

Hatua ya nne: sanduku la moyo

Tafuteni sanduku la plastiki lenye mfuniko, la rangi nyekundu. Likae chumba cha dharura, si stoo ya dawa. Mfamasia alikague kila wiki na kubandika tarehe ya dawa inayokaribia kuisha muda. Ndani yake:

Aspirini 300 mg, ile isiyo na ganda gumu, na mgonjwa aitafune. Kumezwa nzima na maji kunaichelewesha. Anayestahili na hana mzio wa aspirini wala damu inayomtoka aipate palepale kipimo kinapoonyesha au dalili zikiwa za kutosha, kabla ya kutafuta kitanda.

Klopidogreli, nayo ya kuzuia damu kuganda kama aspirini, 300 mg kwa mara ya kwanza. Kwa mwenye zaidi ya miaka 75 atakayepewa dawa ya kuyeyusha damu, 75 mg tu.

Atovastatini (ya kushusha mafuta kwenye damu) 40 hadi 80 mg, dawa ya kuweka chini ya ulimi ya kutanua mishipa, mofini kwa maumivu yasiyotulia, enoksaparini (sindano ya chini ya ngozi ya kuzuia damu kuganda), kanula mbili za kuingiza mshipani, na streptokinasi kama mnaweza kuipata. Hiyo ya mwisho ikae kwenye jokofu au stoo kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji, na sanduku liwe na kikaratasi kinachosema iko wapi na nani ana ufunguo usiku. Ufunguo wa ziada ukae kwa muuguzi wa zamu.

Vitu vya kuacha vina uzito sawa na vya kutoa, nami naomba hapa tusikilizane.

Diklofenaki ya sindano. Ni mkono wetu wa kwanza kwa kila maumivu, na kwa mgonjwa huyu ni madhara. Dawa za kundi hilo hazimfai mwenye mshtuko wa moyo. Tena sindano yoyote ya tako au bega inaacha tundu kwenye msuli, na baada ya dawa ya kuyeyusha damu tundu hilo linavimba damu. Andikeni kwa herufi kubwa juu ya sanduku: HAKUNA SINDANO YA MSULI.

Oksijeni kwa kila mtu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2017, wenye wagonjwa 6,629, haukuona faida ya kumpa oksijeni mwenye kiwango cha kutosha kwenye damu. Mpe aliye chini ya asilimia 90. Mtungi uliobaki utamfaa mtoto mwenye nimonia.

Dawa ya chini ya ulimi kabla ya kumuuliza mzee, pembeni na taratibu, kama ametumia dawa za nguvu za kiume tangu juzi. Zikikutana presha inaanguka. Hatalisema hilo mbele ya mkewe na wanawe, kwa hiyo watolewe nje kwanza. Na usimpe ambaye namba ya juu ya presha yake iko chini ya 90.

Hatua ya tano: kuyeyusha damu

Dawa hii ni kwa mwenye mstari wa ST ulionyanyuka na maumivu yaliyoanza ndani ya saa 12, pale ambapo hawezi kufikishwa kwenye mtambo wa kuzibua mishipa ndani ya kama saa 2. Kwa wilaya nyingi za Tanzania hiyo ni sawa na kusema kila siku. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000.

Asiye na ST iliyonyanyuka asipewe, hata troponini ikiwa juu. Atapata aspirini, klopidogreli na enoksaparini, na atapangiwa rufaa. Kuyeyusha damu kwake ni hatari bila faida.

Kabla ya kuichanganya dawa, mtu mmoja asome maswali kwa sauti na mwingine ajibu akimwangalia mgonjwa na ndugu. Amewahi kuvuja damu kwenye ubongo, wakati wowote? Kiharusi ndani ya miezi 6? Uvimbe wa ubongo? Upasuaji mkubwa au kuumia kichwa ndani ya mwezi? Ametapika damu au kupata choo cheusi ndani ya mwezi? Maumivu yanachanika hadi mgongoni, na presha ya mikono miwili haifanani? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Ana ujauzito? Presha iko juu ya 180/110 na haijashuka baada ya matibabu? Jibu la ndiyo popote lisimamishe mkono na simu ipigwe hospitali ya rufaa.

Amewahi kupata streptokinasi hapo nyuma? Asipewe tena, mwili umeshajenga kinga dhidi yake.

Kipimo ni yuniti milioni 1.5 kwenye dripu, ndani ya dakika 30 hadi 60. Changanya kwa kuzungusha chupa taratibu. Ukitikisa, povu linajaa. Presha ipimwe kila dakika 5. Ikishuka, na mara nyingi itashuka, punguza au simamisha dripu, nyanyua miguu, mpe maji kidogo kama mapafu ni makavu, kisha endelea polepole presha ikipanda. Usiitupe dawa kwa kushuka huko. Mapigo yanaweza kuvurugika mshipa unapofunguka, kwa hiyo mashine ya kushtua moyo iwe kando ya kitanda ikiwa imewashwa, na awepo mtu anayejua kuitumia. Kama mmebahatika kuwa na tenekteplasi, hiyo ni sindano moja ya mshipa kwa uzito wa mwili: 30 mg kwa walio chini ya kilo 60, kuongezeka 5 mg kwa kila kilo 10 hadi 50 mg kwa walio na kilo 90 na zaidi, na nusu ya kipimo kwa waliovuka miaka 75.

Kichwa kikianza kuuma ghafla, akachanganyikiwa au upande mmoja ukalegea, funga dripu mara moja. Ni damu kichwani hadi ithibitishwe vingine.

Dakika 60 hadi 90 tangu kuanza dawa, pima ECG tena. ST ikiwa imeshuka nusu au zaidi na maumivu yametulia, mshipa umefunguka. Isiposhuka, huyo aondoke kwa rufaa sasa hivi.

Ndugu waelezwe kabla, kwa maneno mafupi: dawa hii inaweza kuokoa moyo wake, na kwa watu wachache sana, kama 1 katika kila 100 au pungufu, inaleta damu kichwani. Waulizwe kama wanakubali. Mkewe asiachwe nje ya mazungumzo eti kaka yake mgonjwa yuko njiani kutoka mjini.

Hatua ya sita: rufaa

Yeyusha kwanza, safiri baadaye. Hata aliyefunguka mshipa anastahili kupelekwa kwenye mtambo, ikiwezekana kati ya saa 2 na 24. Muuguzi mwenye ujuzi aende naye, pamoja na mashine ya kushtua moyo kama mnazo mbili, oksijeni, kanula iliyo wazi mshipani na ECG zote, za kwanza na za baada ya dawa, zikiwa na saa juu yake. Hospitali inayopokea ipigiwe simu gari likiwa bado halijaondoka. Mafuta ya gari la wagonjwa yahesabiwe kila asubuhi kwenye ubao pamoja na vitanda. Hakuna zaidi la kusema hapa, ila kwamba gari lisilo na mafuta ni tatizo la asubuhi, litatuliwe asubuhi.

Hatua ya saba: daftari la safu nane

Nunueni daftari gumu la kawaida na mchore safu nane: tarehe, saa maumivu yalipoanza, saa ya kuingia, saa ya ECG, saa ya aspirini, saa ya dawa ya kuyeyusha, alikoenda, na hali yake siku ya 30. Tumia namba ya faili, si jina. Lijazwe na muuguzi wa zamu papo hapo. Fomu ndefu haijazwi usiku, nimeijaribu.

Kila Ijumaa, dakika 20, kaeni mlio na daftari: tabibu, muuguzi, mapokezi, maabara, mfamasia. Angalieni kwanza safu moja tu, muda wa kuingia hadi ECG, hadi ishuke chini ya dakika 10 kwa wengi. Ndipo mhamie aspirini. Kila kisa kilichochelewa kiulizwe "njia ilikwama wapi", si "nani". Mara ya kwanza mtu atakaposemeshwa vibaya mbele ya wenzake, saa zitaanza kuandikwa za kupendeza, na daftari litakuwa limekufa.

Niwe mkweli kuhusu karatasi. Katika jimbo la Kerala, India, hospitali 63 zilipewa fomu za kujikagua, orodha za kufuata na vipeperushi vya wagonjwa, na wagonjwa 21,374 wakafuatiliwa. Matokeo ya 2018 yalionyesha matibabu yameboreka, lakini tofauti ya vifo na madhara makubwa ndani ya siku 30 haikuthibitika. Brazili, kati ya hospitali 34 za umma zilizoshiriki utafiti, zile zilizotumia vikumbusho, orodha na mtu maalumu wa kufuatilia kila mgonjwa ziliongeza wanaopata dawa zote stahiki ndani ya saa 24. Mimi nachukua hiyo ya Brazili ya mtu maalumu. Orodha haimwendei mtu aliyesinzia saa 9 usiku. Muuguzi aliyepewa jukumu humwendea.

Hatua ya nane: watu wawili na mazoezi

Chagueni tabibu mmoja na muuguzi mmoja wa kubeba jambo hili, kwa barua, na wapunguziwe kazi nyingine. Wawe watu wanaopenda, si waliobaki. Kazi yao ni kufundisha kila mgeni siku yake ya kwanza, wakiwemo madaktari wa mafunzo wanaobadilika kila mara, kukagua sanduku, na kuendesha zoezi mara moja kwa mwezi bila kutangaza: mfanyakazi anajifanya mgonjwa, anaingia getini saa 4 usiku akishika kifua, na saa inahesabiwa.

Zoezi letu la kwanza lilichukua dakika 47 hadi ECG. La nne, dakika 9. Kati ya hayo hatukununua kifaa hata kimoja.

Hatua ya tisa: kumtoa mgonjwa

Anayeondoka hai na asijue kilichompata atarudi, na mara nyingi hatarudi akitembea. Kaa naye na mtu anayempikia. Mweleze kwamba mshipa wa moyo uliziba, kwamba dawa anazokwenda nazo hazimalizi dozi kama za malaria: aspirini ya kila siku na atovastatini ni za maisha, klopidogreli kwa kawaida mwaka mmoja. Presha na kisukari vifuatwe. Sigara na ugoro viachwe leo. Muulize waziwazi atazinunua wapi na kwa fedha gani, na kama jibu halipo, punguzeni orodha pamoja mbakize zile zinazookoa zaidi kuliko kumwandikia saba akanunua mbili asizozichagua.

Mpe karatasi moja iliyoandikwa dalili za hatari kwa maneno yale yale aliyoyatumia yeye siku ya kuingia. Kama alisema "nimebanwa", iandikwe "nimebanwa". Mwambie safari nyingine asisubiri kupambazuke, na akifika getini aonyeshe hiyo karatasi kwa mlinzi.

Siku ya 30 muuguzi aliyepangiwa afungue daftari, apige simu, aulize kama anameza dawa, kama pumzi inamtosha kupanda mlima wa kwenda sokoni, kisha ajaze safu ya nane.